Anakula na Redio

Bariadi, Alhamisi jioni

Sentensi yenyewe haikuwa na kosa hata moja, ndiyo maana imeniuma.

Tangu shule ifunguliwe nawafundisha kidato cha kwanza kutofautisha "he" na "she", na bado baba wanamwita "she". Kwao yeye ni yeye tu. Wananichosha.

Leo nikawaambia kila mmoja atunge sentensi kuhusu mtu anayemfahamu. Kabula, binti wa jirani yangu, akasimama: "He eats with the radio."

"Nani huyo anayekula na redio?"

"Ni wewe, mwalimu. Tunakuonaga."

Darasa zima likacheka. Nikasema sahihi, kaa chini.

Nilipohamia hapa, baba yake, Mzee Masanja, alinikaribisha shikome, kwenye moto wao wa jioni, ambako wanaume wanakula sahani moja. Nikajibu nina madaftari ya kusahihisha. Hajanikaribisha tena, na mimi naona aibu kujipeleka. Mke wangu bado yuko Songea. Uhamisho wake haujatoka, na siku hizi nikipiga simu hata yeye haulizii tena...

Jioni hii nimezima redio makusudi, nile kama watu wengine. Nikawasikia akina Mzee Masanja wanavyoongea ng'ambo ya ua, nikaacha kula.

Nimeiwasha tena. Walikuwa wanasoma matangazo ya vifo. Nimekula nikiyasikiliza yote mpaka mwisho, jina kwa jina, wakati huku sina hata mtu wa kufiwa naye.