Kilio Chako Nikiwa Ndani ya Korse

Baba,

Sasa ni Mama anayenifunga korse ya mgongo asubuhi. Anaogopa kuniumiza, anaacha mikanda imelegea, na mimi namwambia, "Vuta tena, Mama," mpaka anaanza kulia, basi namwacha. Shule nimemaliza. Masista wa shule wanasema nijifunze kushona.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya kilio chako, zile siku za matanga. Naogopa wako watu waliorudi kwao wakisema binti yako hakukulilia.

Wanawake walikaa chini uani, miguu wameinyoosha, kama inavyofanywa kwetu. Mama alikuwa katikati, amejifunika kichwa. Dada yako, Shangazi Ngoie, alifika na treni ya kutoka Bukama siku ya pili, akajitupa kwenye udongo na kugaagaa mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Na mimi nilikuwa nimesimama, mgongo ukutani. Unajua ile ngozi na vile vyuma, kutoka kwapani hadi nyonga. Kwenye kiti ninaweza kukaa. Chini siwezi. Na mtoto gani anakaa kwenye kiti siku ya kumlilia baba yake?

Shangazi akaniona.

"We mutoto! Baba yako iko mu udongo, na weye unasimama sawa mulinzi? Toa iyi kintu, ikala chini!"

Mwanamke mmoja nyuma yake akalitazama gauni langu, akasema, "Ni mutoto wa ku masista uyu. Anaogopa kuchafula robe."

Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye mikanda, Baba. Nilitaka kuitoa. Nilitaka kuanguka kama wengine.

Lakini daktari alikuambia mbele yangu kwamba siku chache tu bila korse, wakati huu ninapokua, mgongo utarudi kupinda. Na wewe ulinifunga kila asubuhi kabla ya kwenda karakanani, atelye ya reli, goti lako juu ya kitanda: "Vuta pumuzi, mama. Muzuri. Sasa wacha." Wasichana waliponiita Mulingoti nikarudi nyumbani nikilia, ulicheka. "Mulingoti ndio inabebaka bendera. Bale basichana banabebaka nini?" Kile kipande cha ngozi ndani ya kiatu changu cha kushoto ulikikata, ukanitembeza mpaka bombani na kurudi, ukakikata tena, mpaka mabega yakalingana.

Ningeitoa vipi? Nikabaki nimesimama.

Hata machozi hayakutoka vizuri. Kulia kunataka tumbo, na tumbo langu lilikuwa limefungwa. Ilitoka sauti ndogo tu, kama kwikwi. Hakuna aliyeisikia.

Mchana nilikuwa bado nimesimama. Ndipo Mama, ambaye sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, akasema pale alipokaa:

"Ngoie, wacha ye. Ni ndugu yako alikuwa anamufunga ile kintu kila asubui. Leo nilimufunga miye. Mikono ilinikatala."

Shangazi akainuka, akaja, akaweka mkono mgongoni mwangu, akavipapasa vyuma juu ya nguo, kimoja kimoja, mpaka kiunoni. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika chini.

"Kama kuikala haiwezekane, lala."

Akanishika shingo na kiuno, akanishusha polepole, nimenyooka kama ubao. Wanawake wakasogea. Naye akalala kando yangu, chali vilevile, mtu mzima kama yeye, akapaaza sauti kwako: "Ndugu yangu! Angaria mutoto wako!"

Hapo nililia, Baba. Machozi yaliniingia masikioni.

Hospitali wanasema kile kipande cha kiatu kimekwisha, na nimekua, wanikatie kingine. Najua ni kweli. Nitakwenda. Lakini wiki hii, hapana. Kina harufu ya mikono yako bado.

Wanasema pia kwamba siku moja mifupa itaacha kukua, na korse nitaivua nisiirudie. Mpaka siku ile nitaivaa, hata Mama akilia. Na siku ile nitakuja makaburini peke yangu. Nitakaa chini kabisa, miguu nimeinyoosha. Nitaukunja huu mgongo ulioulinda, nitakulilia kwa tumbo lote, wasikie mpaka barabarani.

Uningojee, Baba. Lala muzuri.

Mutoto wako,
Monika