Hali ya Timu, na Kwa Nini Sikupanda Boti

Bukavu, Nguba, siku ya posho, jumamosi asubuhi

Papa yangu mupenzi,

Najua vile itakuwa. Mama Sifa atabisha ku mulango, utasikia nyayo za mwanamuke, utanyoosha mukono ukifikiri ni mimi, na mu mukono utapata karatasi. Unisamehe. Jambo kwako, Papa, na amani ikae mu nyumba yetu ya Kalemie. Kifua inakuacha ulale? Riziki aliniambia kwa simu, mbele rezo ikatike, kama haumalizi tena sahani yako, kama unakula ndagala mbili tatu unasema umeshiba, kisha unamuuliza siku ngapi zinabaki mbele ya Kombe la Afrika. Kula, Papa. Timu haitacheza vizuri eti juu wewe uko na njaa.

Mimi niko muzima. Sina homa, sina kidonda, nakula. Nakaa palepale kwa Mama Nsimire, ule mujane mwenye kunipangisha chumba tangu nilikuja kufundisha hesabu huku. Anakusalimia sana. Anasema mutoto wako anajua mupira kupita rozari, na anasema ile kwa kunilaumu, lakini jana nilimukuta jikoni anamuuliza jirani kama kipa wetu amepona goti.

Riziki mudogo wangu, wewe njo unasoma. Soma yote kwa sauti. Usiruke kitu, hata pale utatamani kuruka.

Papa, nilikuahidi kama nitafika mbele ya mechi ya kwanza. Tangu macho yako yalizima hatujafanya Kombe hata moja kila mutu upande wake. Wewe ku kiti, mimi ku kigoda upande wa sikio yako ya kuume, nakuambia mupira iko wapi. Na wiki mbili mbele ya kuanza tunafanya kazi yetu ya kupima timu, kutoka kipa mpaka mushambuliaji wa mwisho, wewe unauliza, mimi najibu, na kila mara unanikumbusha: «Furaha, juu ya mambo mengine unidanganye kama unapenda. Juu ya timu, hapana.» Basi nitaanza na timu. Kisha nitasema juu yangu, na pale pia sitakudanganya.

Kuko mechi tatu za kujipima. Nimeziona zote tatu, mu sale ya kuonyesha mupira ya Tonton Bahati, huku chini karibu na ziwa, juu kwetu kuran ya umeme inakuja siku inataka na yeye iko na gurupe, mashine yake ya umeme. Tunakaa ku mabanki ya mbao ya zamani ya masomo, madirisha yamefunikwa na mablanketi. Tangu muji ilibadilisha mikono, wenye bunduki wanaopigana na serikali wakaingia, Tonton aliweka sheria yake mwenyewe: hakuna kupiga kelele, hakuna kuvaa rangi za timu ya taifa. Hakuna mutu alikuja kumukataza. Ni woga yake tu, na woga yetu pia, juu doria inapita ku barabara na hauwezi kujua itafurahia nini na itakasirikia nini. Kwa hiyo tunaangalia mupira kama watu wako mu misa. Goli ya Chui, timu yetu, ikiingia, watu wanafinyana mapaja. Siku moja nilirudi nyumbani na alama za vidole za mwanamuke sijamujua jina.

Kipa. Ungemupenda. Anatoka ku mustari wake bila kungoja kubembelezwa, na mudomo yake haifungi, anapanga walinzi wake mechi muzima. Lakini mupira ya chini upande wa kushoto inamusumbua. Anaanguka kama mutu mwenye kuogopa kuchafua suruali. Wewe wakati ulikuwa unafundisha makipa wa timu ya reli, ungemulaza ku muchanga asubuhi yote mpaka aache hiyo tabia.

Wale walinzi wawili wa katikati wanaelewana, nafikiri wanaelewana kupita miaka yote umenisikia nikikuambia. Shida ni ule wa kuume. Kupanda anapanda muzuri. Kurudi, anarudi na mwendo wa mutu anaenda kununua chumvi. Mechi ya pili goli yao ilipita palepale, na kila mutu mu sale aliiona mbele hata mupira ifike.

Katikati kuko nguvu, kuko mapafu, lakini hakuna mutu wa kuweka muguu juu ya mupira na kusema ngojeni kwanza. Hii inanisumbua. Timu yetu ikiwa nyuma inacheza na roho yote. Ikiongoza inaanza kuogopa, inarudi, inarudi, mpaka inakaa mu nyumba ya kipa. Mechi ya pili tuliongoza, tukapoteza dakika ishirini za mwisho tukifukuza mupira kama watu wanafukuza inzi, wakatusawazishia. Kocha alikuwa amesimama pale na mikono mu mifuko. Nilimutukana kwa kimya.

Mbele, ule namba tisa ulisema ni muzito, ni muzito kweli. Uko na haki. Lakini ana kichwa, Papa. Ukimupa mupira ya juu hauhitaji tena kumuuliza.

Ukiniuliza tutafika wapi, nakujibu: kundi tutatoka. Robo fainali labda, kama ule wa kuume anajifunza kurudi. Kupita pale ni maombi ya Mama Nsimire.

Sasa juu yangu.

Unajua kama ndege hakuna, uwanja wa Kavumu umefungwa. Barabara ya Uvira, watu wanaenda wanarudishwa, wengine hawarudi. Boti ziko ku ziwa, lakini zinaenda Goma, zinasimama Minova, na Minova haitanifikisha kwako. Nilienda mara mbili ku bichi, bandari yetu, kuangalia watu wanapanda, bila sababu, nimesimama tu. Iko kitu mubaya kukaa mu muji mwenye maji mingi hivi na hakuna hata njia moja inatoka kwenda kwenu.

Njo Mama Sifa akapata njia. Unamukumbuka, ule wa kuuza vitenge pale soko ya Kalemie, yeye pia alifungiwa huku na bidhaa zake. Njia ni ya kuvuka Ruzizi, kuzunguka kupitia Rwanda na Tanzania mpaka Kigoma, kisha boti mpaka kwetu. Alinipatia nafasi pembeni yake. Kitu kimoja tu kinaombwa: karatasi ya kutoka, na karatasi ile unapewa ukionyesha kadi yako ya uchaguzi, njo kitambulisho yetu. Kadi nilikuwa nayo. Niliiweka mu sakoshi yangu ya begani, na usiku naigusa mbele ya kulala. Tulipanga kuondoka siku ya kwanza, jumatatu. Na siku ya ine ya wiki, mbele ya pale, saa kumi za jioni, kulikuwa mechi ya tatu.

Sikuwa na lazima ya kwenda. Mama Nsimire aliniambia nikae nifunge mizigo. Lakini nilisema, nitafika kwa Papa na mechi mbili tu, ataniuliza ya tatu nitamujibu nini?

Mpaka dakika ya sabini kulikuwa bure kwa bure, hakuna goli. Kisha ule murefu wa katikati alinyanganya mupira karibu na duara, akaitoa kushoto bila kuangalia. Wa kushoto alikimbia, alikimbia mpaka nikafikiri amechelewa, inatoka nje, na akaipiga akiwa ameshaanza kuanguka. Ilipanda juu sana. Walinzi wao wawili waliangalia juu. Namba tisa hakuangalia juu, yeye alikuwa ameshahesabu. Aliruka kati yao, muzito vile alivyo, akaigonga na paji ya uso kuelekea chini, ikadunda mara moja mbele ya mikono ya kipa, ikaingia.

Na mimi, Papa, mukono yangu ilitafuta yako. Nakuambia vile ilikuwa. Nilisahau kama niko wapi. Nilisimama nikapiga kelele vile napigaga mu sikio yako: «Papa, iko ndani! Ya kichwa!»

Sale nzima iligeuka kuniangalia. Tonton Bahati alikimbia kuzima gurupe, na mu ile kimya tulisikia viatu ku mulango.

Waliingia watatu wa doria. Hawakupiga mutu, nataka ulale vizuri, hawakunipiga. Mukubwa wao aliuliza ni nani alipiga kelele. Watu wale, nusu yao hawanijui jina, na hakuna hata mumoja aliniangalia, kila mutu aliangalia ku miguu yake. Aliuliza mara ya pili. Kisha akasema basi, tutamuchukua mwenye sale, na wakamushika Tonton mukono. Tonton ni mutu wa sukari, anakunywa dawa yake na saa, bibi yake anatuuzia maandazi pale ku mulango. Hakunionyesha. Alitafuta viatu vyake tu.

Nikasema: «Ni mimi.»

Mukubwa alikuja mbele yangu. «Ulikuwa unaita nani?»

«Papa yangu.»

«Iko wapi?»

«Iko Kalemie. Haoni. Mimi njo namuelezeaga mupira.»

Nafikiri alitaka kucheka, na mwenzake alicheka. Kisha akaomba kadi. Nilifungua sakoshi nikamupa, ni mukono yangu mwenyewe ilimupa. Akasema nikuje kuichukua kesho yake ku biro, ofisi yao, wakamuachilia Tonton, wakaenda.

Kesho yake nilienda. Na siku ya posho, na siku ya kwanza, na karibu kila siku tangu pale, ni wiki ya tatu sasa. Kijana wa ku biro ana adabu, ananiita madame. Kadi zetu ziko mu karto moja, kasha ya karatasi, chini ya meza yake. Niliona yangu, Papa. Niliona uso yangu pale juu, karibu hivi, ningeinama ningeigusa. Anasema mukubwa wake njo anatoa, na mukubwa amesafiri. Nikimuuliza atarudi lini, ananiambia: «Rudi tu siku ya tatu, madame.» Siku ya tatu ananiambia ya tano.

Mama Sifa aliningojea karibu wiki mbili. Hawezi tena, ana watoto, na mimi mwenyewe nilimuambia aende. Leo anavuka. Nafasi yangu amepewa mwanamuke moja wa Katana anaenda kuona bwana yake mugonjwa.

Mama Nsimire aliniambia wazi: ningenyamaza, Tonton wangemuachilia palepale mbele ya giza. Labda. Nafikiria ile kila siku. Kuko saa nakasirikia Tonton juu ya mablanketi yake, nakasirikia namba tisa na kichwa yake, nakukasirikia hata wewe, juu wewe njo ulinifundisha kuangalia mupira na mudomo. Kisha inapita. Tonton alifunga sale, ananitumia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kila wiki, na hathubutu kuzileta mwenyewe, anamutuma bibi yake.

Riziki, sasa nakuongelesha wewe. Mechi ya kwanza kigoda ni yako. Usilie mbele yake. Ofsaidi haujui, si kitu, yeye mwenyewe atakuambia. Anza na kusema mupira iko wapi, kisha nani anayo, kisha nani anamukaribia. Usiseme «oh» na kunyamaza, inamuumiza, anafikiri tumefungwa. Kama ni goli yetu, sema kwanza kama ni yetu, mengine baadaye. Na usipunguze sauti. Huko kwenu munaweza kupiga kelele, basi pigeni.

Nisalimie mama mukubwa na kifua yake, nisalimie kaka Yusufu wa forodha, mumuambie hiyo barua yake ya kuniombea ruhusa ya kutoka haikufika. Nisalimie shemeji, na katekista wetu, na wale wazee wa timu ya reli wenye kukuja kukaa ku barza. Watakuuliza timu iko namna gani. Riziki, wasomee ile ya juu, ya timu, ya chini usiwasomee.

Papa, hauna mazoea ya kunilaumu na mudomo, unanyamaza tu siku mbili. Najua ungetaka siku ile nikae chini, ninyamaze, nikuje kwako. Hata mimi nilitaka. Kama utanikasirikia, kasirika mbio mbio, umalize mbele ya mechi ya kwanza, juu Riziki hataweza kukuelezea mupira ukiwa umenuna.

Mutoto wako,
Furaha