Karatasi Niliyomwandikia Baba Mkubwa

Mama,

Shikamoo. Arobaini yako tumeimaliza juzi hapa Kwihara. Hata Baba Mkubwa alikuja akala pilau sahani mbili, yeye aliyeapa hatatia mguu tena nyumbani kwako. Nilimkaribisha vizuri. Ungenisifu, halafu ungenicheka.

Nina jambo nililoshindwa kukuambia ukiwa hai.

Unaikumbuka siku ya karatasi. Serikali ilikuwa inatunga sheria mpya ya ndoa, kwamba mume asioe mwingine bila kumuuliza mkewe, na Baba Mkubwa alikuwa keshaposa wa tatu. Akaja na karatasi, yeye na wenzake, kwenye ghala la ushirika, mkiwa kwenye kisomo cha watu wazima cha alasiri, wakataka wanawake wote mtie dole gumba. Walisema ni ya kuomba kisima. Watatu wakatia. Dole lako lilikuwa tayari lina wino uliposema, "Ngoja kwanza niisome." Walicheka, maana ulikuwa na miezi minne tu ya kisomo.

Ukasoma kwa sauti, polepole, kama unachambua mchele: "Si-si wa-na-wa-ke wa Kwi-ha-ra ha-tu-ta-ki ku-u-li-zwa." Kisha ukasema, "Na hili nani katuuliza?" Wenzako wakaangua kicheko, na wale watatu wakataka madole yao yarudishwe. Ukaikunja karatasi ukaitia kibindoni, dole ukalifutia kwenye kanga.

Mama, ile karatasi niliiandika mimi. Nilikuwa darasa la saba. Baba Mkubwa alinisifu mwandiko, nami kichwa kikanivimba, nikaandika kila alichonitajia. Sikujua kwamba angewaambia ni ya kisima, lakini maneno niliyajua. Nilikuwa mlangoni ukisoma. Jioni ulinipa ukoko wa ubwabwa kama kawaida, na mimi nikala. Miaka yote hii nimejipa moyo kwamba hukujua.

Jana nilifungua sanduku lako. Karatasi iko ndani ya daftari lako la kisomo. Chini ya maneno yangu umenakili kwa penseli, mstari baada ya mstari mpaka mwisho wa ukurasa: "Sisi wanawake wa Kwihara." Hukuvuka hapo hata mara moja. Pembeni umeandika, "Mwandiko wa Zena. Mzuri."

Nimelia mpaka jirani akaja kuniangalia. Nisamehe, Mama. Naona ulishanisamehe, ila nataka niombe mwenyewe.

Jumatatu naanza kufundisha kisomo, palepale ghalani. Nakuahidi sitaandika tena neno la wanawake kabla wao hawajalisema. Siku ya kwanza nitaandika ubaoni ule mstari wako, niishie ulipoishia wewe, kisha nitawapa chaki waumalizie.

Kanga yenye doa la wino nimeichukua mimi. Siisugui.

Pumzika, Mama.

Mwanao, Zena