Malwa Ndani ya Birika la Udhu

Jumatano, 3 Julai
Chai, dawa ya presha, kipepeo wa usiku, nondo, ukutani. Mkubwa, kahawia, macho mgongoni kama askari wa zamu. Nimemwandika. Binti yangu Zaituni kapiga simu kutoka Jinja. Anakuja Jumamosi kuangalia kama bado nafaa kukaa peke yangu hapa Nabuyonga. Mtoto niliyemfunga nepi anakuja kunikagua kama mbuzi wa Idi. Jinja sitaki.

Ijumaa, 5 Julai
Baada ya swala nikaenda kwa Mafabi, rafiki yangu, kuomba machicha ya malwa, pombe yao ya ulezi. Wenzake wamezunguka chungu na mirija yao. "Afande, Ijumaa hii hii?" Nikasema ni ya vipepeo. Wakacheka mpaka wakapaliwa. Lakini ndiyo kweli. Yule kipepeo mwenye mikia miwili ninayemsubiri hana haja na maua. Anataka ndizi mbovu iliyoleweshwa. Chombo cha kumwagia sina, ila birika langu la udhu. Mungu ananijua.

Jumamosi, 6 Julai
Siku nzuri, mpaka alasiri. Mimi na Mafabi chini ya mlima Wanale, viti viwili, ndizi juu ya jiwe. Vipepeo weupe, wa manjano, mmoja mweusi wa madoa ya kijani. Ndege shorobo kapita, mabawa mekundu. Kwarara mtini, midomo mirefu, wanagombana kama wake wenza. Mwenye mikia hakuja.

Kurudi, birika nikaliweka pale pake mlangoni. Kosa. Zaituni kafika, anataka kuswali. Akanawa mikono. Akasukutua. Akasukutua! Nikacheka. Ningenyamaza labda ningepona.

"Baba, umeanza kulewa. Uzee huu!"

Nikamwambia ni ya vipepeo. Akanitazama kwa huruma. Heri angenitukana. Akaanza kukunja nguo zangu.

Alhamisi, 11 Julai. Jinja
Chumba juu ya duka la mabati la mume wake. Chini boda boda. Ng'ambo kaloli, korongo wala taka, juu ya jalala, vipara vitupu, kama kamati ya msikiti. Zaituni akileta chai ananinusa kwanza. Anadhani sioni. Namchukia mpaka chai inapoa, halafu nainywa.

Jumapili, 14 Julai
Mafabi kapiga simu. Mwenye mikia miwili amekuja. Alitua kwenye kiti changu, akakaa sana. Nimemwita mwongo. Si mwongo.

Nimeweka ndizi mbovu dirishani, kavu, bila malwa. Wamekuja nzi. Nimewaandika.