Rakia ya Marehemu Kwenye Ndoo za Minyanya

Shangazi Vaska mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana sasa hivi ninavyoandika mwanangu Dimana, ana miaka mitatu, katoka roshani ananyata, kaniwekea kidole mdomoni, kaniambia, "Mama, shii, umelala," nikaenda kuchungulia nikakuta kaufunika mnyanya wangu mkubwa kwa blanketi la mwanasesere wake, kaubusu jani, kauwekea na biskuti pembeni ya ndoo ili ukiamka usisikie njaa. Nikamuuliza, umelala au unaumwa? Akanijibu, "Umelewa. Kama babu Kolyo wa chini." Shangazi, nikacheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, maana mtoto hakukosea, mnyanya umelewa kweli, na mingine mitano pamoja nao, na aliyeilewesha ni mimi mama yake.

Ngoja nianze mwanzo usije ukasema nimechanganyikiwa. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nane, lakini kitu nikikiona mikono yangu inakishika, na mwaka juzi Dimana alipolazwa na kifua nililala naye hospitali siku tisa, niliporudi nyumbani nikakuta pilipili zangu zote kwenye vyungu zimekauka kama tumbaku, mume wangu Galin anasema, "Ah, kumbe zinanyweshwa kila siku?" Basi nikaapa kwamba mimea yangu haitamngoja mtu tena. Nikaona picha kwenye gazeti moja la zamani kwa msusi, nikaomba ukurasa, nikaja nao. Unachukua ndoo mbili za jibini nyeupe, zile za kilo kumi, moja unaitumbukiza ndani ya nyingine, ya chini inashika maji, ya juu inashika udongo na ina matundu kitakoni, katikati unapachika kikopo cha mtindi chenye matundu na umekishindilia udongo, kinaning'inia mpaka kwenye maji kama mguu, udongo unafyonza kupitia huo mguu kidogo kidogo, na pembeni unashusha bomba la kujazia, na ubavuni mwa ndoo ya chini unatoboa tundu moja ili maji yakizidi yatoke. Ukijaza Jumamosi umemaliza wiki. Nilitengeneza sita, nikazipanga roshani ndani ya vioo, baridi yote ya Januari ilivyotupiga hapa Lovech minyanya yangu ilikuwa kijani kama ya bustani, na wiki iliyopita ikatoa maua.

Mama mkwe wangu, Mama Tsonka, tunakaa naye, hakuzipenda tangu siku ya kwanza. Alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, "Mimea inayojinywesha! Hata marehemu mume wangu alikuwa anajinywesha mwenyewe, mbona hakuzaa nyanya?" Kila jirani akija lazima amlete roshani, "Njoo uone ndoo za mkwe wangu, kesho atatengeneza mtoto anayejiogesha." Mimi nacheka nao, Shangazi, lakini ndani nilikuwa na ndoto yangu, kwamba nyanya ya kwanza ikiiva nitaikata mezani siku ya Pasaka, na kipande cha kwanza nampa yeye, nione atasema nini.

Sasa hapo hapo roshani ndipo yanapokaa madumu yetu ya lita kumi. Matatu ni ya maji ya chemchemi, Galin huenda kuyachota mlimani kila Jumapili na ndiyo ninayojazia ndoo, na la nne ni la rakia, ile pombe kali ya plamu, ya mwisho aliyoipika baba mkwe Pencho kwa mkono wake vuli ile kabla hajafariki, sasa miaka sita. Limejaa hadi shingoni, hakuna aliyewahi kuligusa, limewekwa kwa ajili ya harusi ya wifi yangu Ivelina, na harusi ndiyo hii, Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Mama ndiye mlinzi wake. Kila Jumamosi jioni anafunga mlango wa roshani anakwenda kulifuta vumbi yeye peke yake, tunamsikia anaongea nalo kidogo, sisi tunamwacha, na akitoka macho yake yamekuwa mekundu kwa kumlilia mzee, namwonea huruma mpaka basi.

Madumu yote manne yanafanana, ila la rakia Mama hulifunga uzi shingoni, na kila tarehe moja Machi anabadilisha anaweka uzi mpya, ule mwekundu na mweupe tunaovaa wote mkononi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Dimana kwamba uzi wa Machi unauvua ukiona mti wa kwanza umechanua, unaufunga kwenye tawi. Basi mtoto kaona mti wa kwanza umechanua. Mnyanya wangu. Wa mkononi mwake fundo lilimshinda, akaenda kuvua wa kwenye dumu, akauzungusha kwenye mnyanya, mimi nikauona nikasema jamani mwanangu, nikampiga busu, wala sikujiuliza uzi ule katoa wapi.

Wewe utasema, pua ulikuwa umeiweka wapi? Shangazi, Ijumaa nilikuwa na mafua makali, na Mama kabla hajaondoka kwenda kijijini kupogoa mizabibu alinisugua rakia kifuani na mgongoni kutoka kwenye kile kichupa cha jikoni, akanivisha sweta juu, akasema usioge mpaka Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi nilipokuwa najaza ndoo zangu, kila kitu kilinuka rakia, mto ulinuka rakia, mtoto alinuka rakia, supu ilinuka rakia, ningejuaje kwamba na maji nayo? Nilimimina ndoo zote sita huku naimba. Lita saba.

Jumatatu nikaoga, pua ikafunguka, nikaingia roshani, na minyanya yote imeinamisha vichwa kama watu waliotoka karamuni. Nikanusa bomba. Nikageuka nikayaangalia madumu. Matatu yamejaa, la nne lina lita tatu. Nikakaa sakafuni.

Galin alipotoka kazini nikamwambia, akaegemea ukuta akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, "Unacheka nini wewe, ni ya baba yako!" Akasema, "Baba angecheka kuliko mimi. Sikiliza, jaza maji mpaka shingoni, rudisha uzi, funga mdomo. Siku ya harusi kila mtu ameshakunywa bia, nani atajua?" Nikasema, "Mama atajua." Akasema, "Mama hajawahi hata kuionja hiyo." Usiku wa pili sasa sipati usingizi. Nikijaza maji nitakuwa nimemdanganya mjane kwa kitu pekee alichobakiwa nacho cha mumewe, na nikisema ukweli, harusi ya Ivelina itaanza na kilio, na ndoo zangu zitatupwa dirishani na mimi nyuma yake, na mbaya zaidi atakuwa na haki. Mimi nampenda yule mama, Shangazi, hata akinitania. Anarudi leo jioni. Nimeshakunja sweta, nimepanga maneno, naanza hivi, Mama, kaa chini kwanza, lakini hapo hapo narudi mwanzo, na nilikuwa nataka kukuuliza, ikiwa mtu amekosa bila kukusudia, je, ni lazima aseme siku hiyo hiyo au anaweza kusubiri mpaka minyanya angalau ipate nafuu ili pawe na kitu cha, ngoja, mlango umelia, ni yeye, kawahi na basi la mchana, kaenda moja kwa moja roshani na viatu, anaita, Zlatina, hebu njoo hapa, mbona huku kunanuka kama marehemu, nakuja Mama, nakuja, Shangazi barua ataituma Galin, wewe nijibu tu kama ni bora

*(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko mwingine: "Nimeonja ile ya kwenye ndoo, nimeifungulia kwa tundu la ubavuni. Laini ajabu, inateremka kama maji. Marehemu baba alikuwa fundi. — Galin.")*

Shangazi Vaska anajibu:

Binti yangu wa ndoo,

Barua yako haina jina mwishoni, ila ndani umemtaja kila mtu mpaka mlevi wa ghorofa ya chini, kwa hiyo usihangaike kujificha, Lovech nzima imeshakujua. Pole sana. Na mwambie mumeo kwamba kilichokaa siku nne na udongo na mbolea ndani ya ndoo ya jibini hakinywewi. Tumbo likimsokota asije akaniandikia mimi.

Kwa kosa lenyewe sikugombezi. Nyumba gani hapa kwetu haiweki maji na rakia kwenye madumu pacha? Yangu inaweka. Mimi mwenyewe niliwahi kupikia maharage. Nakugombeza kwa kuuona uzi mtoto alipoufunga kwenye mnyanya, ukambusu, usiulize umetoka wapi. Mtoto wa miaka mitatu akiwa na kitu kipya mkononi, unauliza kwanza, unabusu baadaye.

Sasa simama, acha kulia, kaiokoe minyanya. Ushukuru uliitengeneza vizuri, kwa sababu ungemimina juu ya udongo kama watu wengine isingekuwepo kesi ya kuandikiana. Inua kila ndoo, ilaze kwa upande wa lile tundu la ubavuni, yote yaliyo chini yatoke. Kisha mwagia maji safi kwa juu, mengi, yapite kwenye udongo mpaka yatoke chini hayana harufu. Rudia mara tatu. Vikopo vya mtindi vichomoe, ule udongo wa ndani utupe, shindilia mpya. Iweke kivulini siku mbili, na blanketi la mwanasesere liache, halina madhara.

Umeona sijakuambia minyanya imekufa? Haijafa. Na hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili na kuvaa miwani.

Nimelima miaka arobaini. Rakia ya plamu ya kweli, ile ya nguvu, ingeiua minyanya hiyo kabla ya Jumapili mchana. Majani yangekuwa ya kahawia kama yamemwagiwa maji ya moto. Yako siku ya tatu imeinama tu, na maua inayo. Mumeo naye anasema inateremka kama maji. Binti yangu, inateremka kama maji kwa sababu ni maji.

Usishtuke. Dumu limekaa miaka sita karibu na watu wazima wanaopumua, na bado limejaa hadi shingoni? Hilo halitokei, labda pawe na mtu analijaza. Sasa kumbuka mwenyewe ni nani anayefunga mlango wa roshani kila Jumamosi jioni, anaongea na dumu, na anatoka na macho mekundu.

Mimi simcheki, na wewe usimcheke. Mjane anayekaa na mumewe mara moja kwa wiki, wakanywa kiglasi kimoja wote wawili, halafu akaongeza maji ili mzee asionekane amepungua, huyo si mwizi. Lakini harusi inakuja, dumu litafunguliwa mbele ya wageni mia, na wa kwanza kuonja atakuwa baba mkwe mtarajiwa wa Ivelina. Unadhani kati yenu wawili ni nani aliyekosa usingizi zaidi mwezi huu? Kawahi na basi la mchana, na amekwenda roshani na viatu. Mtu aliyechoka na mizabibu huenda kukaa kwanza.

Kwa hiyo, jibu la swali ambalo hukulimaliza: sema leo hii ukisoma, kama hujasema. Mlaze mtoto. Mtume Galin akamsaidie Kolyo kupanda ngazi. Kaa na Mama Tsonka roshani, katikati ya ndoo, weka glasi mbili ndogo mezani, zimiminie kile kilichobaki kwenye dumu. Mwambie, "Mama, nimeimwaga kwa kukosea, lita saba, ni mimi." Sentensi moja, usianze na mafua wala na gazeti la kwa msusi. Kisha nyamaza. Usimuulize lolote, usikonyeze, usiseme kwamba Shangazi Vaska amesema. Nyamaza tu uangalie nani anageuka mwekundu kuliko nyanya. Akitaka kusema lake atasema. Asiposema, kunywa glasi yako, msifie marehemu kwa ufundi wake, na mambo yaishie hapo.

Kuhusu harusi: lita tatu zilizobaki msizimalize. Nendeni pamoja kijijini, wewe na yeye, mkatafute rakia mpya ya plamu iliyo kali, mzichanganye humo, kila mgeni apate tone la mkono wa Pencho. Zikichanganywa hivyo hakuna atakayeuliza chochote, wala hamtakuwa mmemdanganya mtu.

Na siku ya Pasaka kipande cha kwanza cha nyanya mpe yeye, kama ulivyopanga. Akianza tena na mzaha wake wa mimea inayojinywesha, wewe inamisha macho, katakata mkate, usijibu kitu. Atanyamaza mwenyewe.

Uzi uache pale Dimana alipoufunga. Mama mkwe wako aliuweka kuonyesha rakia ilipo, na katika nyumba nzima ni huyo mtoto peke yake aliyeufunga mahali sahihi.

Shangazi Vaska