Niliyemfunza Ndiye Aliyewekewa Mikono

Jumapili, alasiri. Joto la leo halina adabu. Upepo umekata tangu asubuhi, mto umepungua mpaka mchanga unaonekana, na mimi nimekaa barazani na simu mkononi, nguo za kanisa bado mwilini. Nimeletewa pilau ya sherehe, imefunikwa kwa sahani. Sijaigusa.

Leo Maro amewekewa mikono. Ndiye mwinjilisti wetu mpya katika kanisa hili dogo la kando ya mto, chini kidogo ya kijiji cha Hewani. Mchungaji huja kutoka Garsen mara moja kwa mwezi kutupa meza ya Bwana. Siku nyingine zote kanisa liko mikononi mwa mwinjilisti.

Na Maro nimemfunza mimi.

Tangu mwinjilisti wa zamani afariki, nani alikuwa akihubiri hapa? Nani alizika? Nani alikaa na waumini kwenye mahema mafuriko yalipotutoa majumbani? Mimi, mjane, mkulima wa mpunga na ndizi. Mchungaji mwenyewe akaniambia, Mama Jilo, tuandalie viongozi. Nikaanzisha darasa la Jumamosi, watu wanakuja moja kwa moja kutoka shamba na matope miguuni. Niliwafunza kusoma Neno bila kulikimbiza, kuongoza mazishi, kupatanisha mume na mke bila habari kufika mtoni kabla yao. Maro alikuwa mzito wa kusema. Mara ya kwanza kuomba mbele za watu alisahau amina, tukabaki tumefumba macho kama wajinga. Nilimpenda kama mwanangu. Bado nampenda, na hapo ndipo paniumapo.

Wazee wa kanisa walipokaa kuchagua, jina langu lilitajwa la kwanza. Nilikuwepo, nikimimina chai. Kisha mzee mmoja akakohoa, akauliza: mwanamke atakaaje na wazee wa Waorma malkani?

Kwa asiyetoka huku, malka ni njia ya ng'ombe kupita katikati ya mashamba yetu kwenda kunywa mtoni. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Kiorma hushuka na mifugo yao, na kabla haijafika lazima pande mbili zikae zikubaliane njia na saa. Kanisa letu liko pale pale malka inapoingia mashambani, kwa hiyo tangu zamani kiongozi wa kanisa ndiye husema kwa niaba ya wakulima. Kikao hicho kikiharibika, watu hufa. Tumeshazika, hatuhitaji kukumbushwa.

Sasa nisikilizeni. Kiangazi kilichopita alikaa nani? Wanaume wawili walikuwa na safari ya Hola ya ghafla, mwingine mgongo ukamshika, na huyo mwenye kikohozi alijifungia ndani. Nikakaa mkekani mimi na Mzee Guyo, mkubwa wa wafugaji. Nilimuuliza mvua, nikamuuliza maziwa, nikamuuliza wajukuu. Ng'ombe tukawaacha mwisho, maana ukianza na ng'ombe umeshaanza ugomvi. Halikuvunjwa bua hata moja la mahindi. Jumapili yake yule mzee wa kikohozi akasimama kanisani kumshukuru Mungu. Mungu peke yake, jamani.

Basi, siku ile ya kuchagua, swali lake likaachwa pale mezani. Wote wakatazama sakafu, na Mchungaji pia. Na Maro. Kiangazi kile alikuwa nyuma yangu, aliona kila kitu. Nilimfunza kusema kweli hata ikimgharimu. Somo hilo sijui lilimtokea sikio gani.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Leo, watu wakiwa wanakula, Mzee Guyo akashuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa. Akasalimia wote kwa heshima, kisha akauliza, "Mama Kanisa iko wapi? Ng'ombe iko njiani. Kesho asubuhi tukae, kama ile siku."

Wazee wakakimbilia kumtambulisha Maro na koti lake jipya. Mzee Guyo akampa mkono, akamtakia heri, halafu akanigeukia mimi, akangoja. Nikamwambia, "Mzee wangu, kiongozi ni huyo." Neno hilo nililisema kwa upole, na mdomoni lilikuwa chungu kama mwarobaini. Yule wa kikohozi alikuwa ameinamia sahani yake, hajui aangalie wapi. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, na leo sitatubu.

Kabla sijaanza kuandika, Maro alikuja hapa. Akakaa kwenye ngazi, si kwenye kiti. Nikajua anakuja kuomba radhi, nikaanza hata kulainika.

"Mama," akasema, "kesho twende wote. Ukae nyuma yangu kidogo. Nikikwama, uninong'oneze."

Loh! Kumbe ndivyo. Mdomo wangu unafaa kwa sikio la mwanamume, mbele za watu haufai. Maneno yawe yangu, kiti kiwe chake. Nikainuka kumsindikiza. Akaaga kwa adabu zote nilizomfunza.

Nimewaza kubaki nyumbani kesho. Wakae wenyewe na koti lao, waone. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi nimepigwa ya kutosha. Lakini kule kuna vijana wenye mikuki na huku kuna vijana wenye mapanga, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye kikao cha chai. Kwa nini wauane kwa sababu mimi nimenyimwa? Mahindi ya jirani yangu hayakupiga kura.

Nina hasira. Naandika ili isije ikaniongoza asubuhi.

Nitakwenda. Nitajifunga leso yangu safi, na mkeka nitaubeba mimi. Nitakaa bega kwa bega na Maro, uso kwa uso na Mzee Guyo. Maro akisema vizuri nitanyamaza, na Mungu anajua nitaona fahari. Akikwama, nitasema mimi, kwa sauti yangu, na mwenye kukohoa akohoe mpaka achoke.

Kunong'ona, hapana.