Baba Naomi, Homa Haikutoka Maabara

Mume wangu, Baba Naomi,

Huku Kangemi tuko wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea tu.

Ulipoanguka nje ya kanisa ukakata roho kabla hatujakufungua vifungo vya shati, daktari alisema ni moyo. Ndugu zako walikataa. Matangani kule Maragoli walisema umeuawa na wadudu wa magonjwa uliokuwa ukiwaosha kwenye vyombo vya maabara. Nami niliwaamini. Kurudi Nairobi, ni nani akaniita kazini? Hao hao wa maabara, nishike nafasi yako kwenye sinki. Ningekataa, watoto wangekula nini?

Mutua, yule Mkamba rafiki yako, ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilishika waya wa kusugulia masufuria nikaikwaruza treyi kwa nguvu zangu zote. Alinidaka mkono. "Wacha, Mama Naomi! Hii si sufuria ya ugali. Ukiikwaruza, hapo ndipo kutu itaingia." Akanipa kitambaa laini, maji moto na sabuni. Nikajifunza kusugua kwa kufuata mistari ya chuma, kusuuza mpaka povu liishe, kisha kukausha papo hapo, maana tone la maji likikaukia pale huacha doa. Na ile dawa ya kutakatisha nguo nyeupe isiguse kabisa, inakula chuma polepole. Vyombo viling'aa, nikajiona humo. Niliona kama ninaosha kifo chako.

Jioni Naomi alikuwa akinikimbilia, nami namsukuma. "Ngoja nioge!" Nikishaoga, bado simkumbatii. Mwishowe akawa ananisalimia akiwa mbali, kama mgeni. Iliniuma. Lakini nilisema heri mtoto mwenye huzuni kuliko mtoto kaburini.

Halafu watoto walipotoka likizo kwa nyanya yao, Naomi akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilimfunga mgongoni, mkubwa vile alivyo, nikapanda naye basi mpaka hospitali ya mjini. Daktari, Mhindi wa makamo, hakuwahi hata kuuliza. "Ni mimi nimemletea," nikamwambia. "Ninaosha vyombo vya maabara. Baba yake alikufa kwa kazi hiyo hiyo."

Akamtoboa kidole, akaenda na ile damu. Nikabaki kwenye benchi nikiomba kwa lugha ya kwetu, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

Akarudi. "Mama, hii malaria. Mtoto alikwenda nyumbani kwenu?"

"Ndiyo, kwa nyanya yake."

"Basi. Huko iko mbu mingi. Hii si maneno ya kazi yako."

Nilicheka, Baba Naomi. Nilicheka machozi yakinitoka, watu wote wakanigeukia. Mama gani hucheka akiambiwa mtoto ana malaria? Alipewa dawa, na kufikia Jumapili alikuwa akililia mandazi.

Niliporudi kazini nilimuuliza Mutua lile swali nililokuwa nimelimeza siku zote: je, wadudu wa vyombo hivi ndio waliokuua? Alishangaa. Akanipeleka chumba cha pili, akanionyesha lile pipa nene la chuma lenye mfuniko wa kukazwa. "Kila kitu inapikwa hapa kwa mvuke kwanza. Hakuna mdudu inafika kwako ikiwa hai. Kwani mzee hakukuambia?"

Uliniambia. Ulikuwa umeshika kikombe cha chai, nami nikakujibu, "Wewe na mambo ya wazungu wako!"

Kumbe ni moyo. Ni moyo wako tu, mume wangu, uliochoka. Nimekulilia upya, lakini kilio hiki hakina woga ndani yake. Siku hizi natoka kazini mikono ya nguo ikiwa bado mbichi, na Naomi ananirukia shingoni hata sijaweka kikapu chini.

Disemba tutakuja sote kukuona. Ndugu zako, ambao tangu nishike kazi yako hawajataka kula chakula kilichopita mikononi mwangu kwa kuogopa wale wadudu, nitawaita hapo kaburini, niwaambie kwa kinywa changu kilichokuua. Wakiniamini, vyema. Wasiponiamini, nitapika vilevile.

Pumzika kwa Bwana, Baba Naomi. Watoto wako nitawalea kifuani pangu, si kwa mbali tena.

Mimi mkeo,
Mama Naomi